Paa la Bati Moja

Kabla sijaingia kazi ya sola nilikuwa fundi wa kuezeka, na paa nililolijua mimi ni la bati. Nimeezeka maduka ya Garsen, madarasa, misikiti midogo miwili, kanisa moja, na nyumba nyingi za watu wa mtoni hadi kwetu Wenje. Nyayo zangu zinalijua bati. Zinajua palipo na pao chini na pasipo na kitu, hata nikifumba macho. Kwa hiyo kampuni ya sola ilipokuja Garsen kutafuta mafundi, hawakuniuliza najua nini kuhusu umeme. Walinipandisha juu ya ghala, wakaniambia nitembee mpaka mwisho na kurudi nikiwa nimebeba paneli. Nikaenda, nikarudi. Mwenzangu mmoja aliyesomea umeme chuoni alifika katikati akakaa kitako, ikabidi nimfuate. Mimi nikachukuliwa. Yeye akaambiwa angoje simu.

Umeme tulifundishwa baadaye, kwa siku tatu, na mbili na nusu kati ya hizo zilikuwa za usalama. Tulivishwa helmeti na mkanda unaopita kifuani na mapajani, wenye kamba nyuma ya kufungwa kwenye kitu imara. Tukaambiwa kwamba hakuna fundi kugusa paa lolote bila vitu hivyo, na kwamba kila kazi lazima itumwe pamoja na picha ya fundi akiwa pale paani, kamba ikionekana. Picha hupigwa kwa simu ya kampuni. Simu hiyo hiyo ndiyo inayojaza fomu na kuchukua namba za ramani, ili ofisi ijue nyumba iko wapi. Picha ikikosekana, au namba zikikosekana, kazi haijafanyika, hata kama taa zinawaka.

Nilifanya kazi hiyo mwaka mzima bila tatizo, kwa sababu kila nyumba niliyopewa ilikuwa na bati. Halafu nikapewa nyumba ya mama mmoja wa Kiorma.

Alikuwa anakaa malishoni, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Garsen. Barabara inaisha baada ya robo ya safari hiyo, na kilichobaki ni njia za ng'ombe katikati ya miti ya mathenge yenye miiba. Ngazi nilikuwa nimeifunga ubavuni mwa pikipiki, na kila baada ya muda mfupi mathenge iliishika ngazi, nayo ngazi ikanishika mimi. Nilipofika nilikuta nyumba nne za duara zimekaa pamoja kama vyungu vilivyopinduliwa. Mwenye nyumba alitoka nje akasimama. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo watu wote pale walinyamaza ili waisikie.

"Wewe ndiye fundi wa paa?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Na hiyo ngazi ni ya nini?"

Niliisimamisha ngazi kando ya nyumba, ndipo na mimi nikaliona swali lake. Ngazi ilikuwa inapita juu ya nyumba na kuendelea angani. Nyumba yenyewe ilinifika mabegani. Ilikuwa ya fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba, ikafunikwa kwa nyasi na mikeka ya majani ya mkoma, tabaka juu ya tabaka, na haikuwa na ukuta na paa kama vitu viwili. Ilianza chini, ikapanda, ikashuka upande wa pili, basi.

"Nani aliyeijenga?" nikauliza.

"Mimi. Nyumba hapa wanajenga wanawake." Akanitazama viatu. "Ukipanda, itakaa chini."

Nilichimbia nguzo karibu na mlango, nikafunga paneli juu yake, nikaielekeza kwa dira ya simu, nikapitisha waya ndani kupitia kwenye mikeka. Ndani palikuwa na giza tulivu na harufu ya maziwa na moshi. Nikamwashia mama taa. Aliitazama nyumba yake kwa ndani, kutoka chini mpaka juu, mahali alipoifunga kwa mikono yake mwenyewe, akasogea akaikaza kamba moja iliyokuwa imelegea kidogo. Nadhani gizani alikuwa hajawahi kuiona.

Kazi ilikuwa imekwisha, imebaki picha tu. Nikavaa helmeti, nikavaa mkanda, nikajifunga. Halafu nikatafuta pa kufungia kamba. Sheria ilisema kitu imara, kilicho juu kuliko fundi. Nilizunguka macho uwanda wote na sikuona kitu kilicho juu kuliko mimi isipokuwa ile nguzo yangu na ngazi yangu.

"Unatafuta nini?" akauliza mama.

"Pa kufunga kamba, nisianguke."

"Usianguke kutoka wapi?"

Nikamweleza habari ya picha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaichukua ile ncha ya kamba, akaizungusha mara mbili kwenye mkono wake, akajikita. "Nimekushika," akasema. Binti yake mtu mzima akapiga picha. Kwenye picha ile nimesimama chini, helmeti kichwani, kitambi changu kimeegemea nyumba, na nyuma yangu mwanamke amenishika kwa kamba kama anayepeleka ndama kisimani.

Kesho yake msimamizi wangu akapiga simu kutoka ofisini. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka pale Garsen.

"Paa silioni," akasema.

"Ndilo hilo hapo, kwenye tumbo langu."

"Hicho ni kichaka."

"Ni nyumba."

"Umeandika aina gani ya paa kwenye fomu?"

"Sijaandika. Kuna bati, kuna vigae, kuna zege. Hakuna lake."

"Chagua moja."

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Usiseme uongo. Chagua lililo karibu zaidi."

Alikata simu. Nikabaki pale nikiwaza, na mbele yangu, kwenye mlango wa lile duka, yalikuwa yameegemezwa mabati mapya. Hakuna lililokuwa karibu zaidi ya hayo. Nikanunua moja.

Siku ya pili nilirudi kwa yule mama na bati limefungwa mgongoni mwangu, likipiga kelele kwenye upepo hata ng'ombe wakanikimbia. Nikakata nguzo nne za mathenge, nikazichimbia hatua ishirini kutoka nyumba yake, nikaweka pao tatu, nikapigilia lile bati moja juu. Nikahamishia paneli pale, nikarefusha waya mpaka nyumbani kwake. Nikapanda, nikafunga kamba kwenye ngazi, binti akapiga picha, na simu ikasema kazi imekubaliwa.

Mama alizunguka kile kitu mara moja. Akainama akaangalia chini yake, palipokuwa na mavi ya mbuzi tu.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ni ya paneli, mama."

"Paneli imejengewa ya bati," akasema, na mimi nilijua anakoelekea, "na hakuna anayelala ndani."

Niliona aibu, na si aibu ya mchezo. Maisha yangu yote nimetengeneza paa ili mtu apate kukaa chini yake. Hata nyumba ya mama yangu mzazi kule Wenje niliiondolea nyasi kwa mikono yangu nikaiezeka bati, nikiwa kijana mwenye pesa za kwanza, na mpaka leo mvua ikinyesha ananiambia kwamba hasikii watu wakizungumza, na jua likiwaka anatoka kukaa kwenye migomba. Sasa nilikuwa nimejenga paa la kumpendeza mtu wa ofisini, na lilikuwa limenyooka vizuri, pembe zote sawa, maana siwezi kupigilia bati likapinda hata kama halina maana. Nikaaga, nikaondoka bila kunywa chai.

Miezi ikapita, mvua za masika zikanyesha. Kisha ofisi ikaleta mkaguzi. Alikuwa mtu wa Mombasa, mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vyeusi, mpole sana, anayesema "Bwana fundi" kila mara. Wiki iliyotangulia alikuwa Kipini akikagua mashua za wavuvi zilizofungiwa taa za sola, na alikuwa ameungua pua. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye kila nyumba, kuhakikisha paneli iko, kumhoji mwenyewe, na kutuma majibu akiwa pale pale. Nilimpakia nyuma ya pikipiki. Mkononi alishika kompyuta yake ndogo bapa, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na kila mara alikuwa akichungulia na kuniambia, "Tunakaribia. Mita mia nane. Mita mia tano."

Tulipofika mita sifuri, palikuwa na paa la bati moja na nguzo nne. Paneli haikuwapo. Nyumba nne za duara hazikuwapo pia, zimebaki duara nne ardhini, safi, nyasi changa zimeanza kuota ukingoni. Nilipanda nikaangalia juu ya bati. Skrubu zangu zote zilikuwa zimefunguliwa moja moja na kukusanywa chini ya kijiwe ili zisipeperuke.

Chini ya bati, kwenye kivuli, alikuwa amekaa mwanamume mmoja Msomali, mnunuzi wa mifugo, na kondoo wapatao kumi wamelala kumzunguka. Alikuwa akingoja lori. Alituamkia kwa salamu ndefu na kutukaribisha kama watu waliofika kwake, akasogeza kondoo wawili ili tupate nafasi.

Mkaguzi akakaa, akafungua mfuko wa nailoni. "Hapa ni kwako?" akamuuliza.

Yule mfanyabiashara akaangalia juu, akaangalia kondoo. "Kwa sasa, ndiyo."

"Una muda gani hapa?"

"Tangu asubuhi."

"Na umeme, unaupata vizuri?"

"Umeme gani?"

"Wa sola."

"Mimi tangu nije, sijauona."

"Hata kidogo?"

"Wallahi, hata kidogo."

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika. "Kwa hiyo ukiulizwa kama umeridhika na huduma, utasema umeridhika sana, umeridhika kiasi, au hujaridhika?"

Yule mtu alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijaridhika," akasema.

Nilijaribu kuingilia. Nikasema, "Bwana mkaguzi, huyu siye mteja. Mteja amehama." Lakini mkaguzi alinijibu kwamba fomu inauliza aliyekutwa kwenye nyumba, na huyu amekutwa kwenye nyumba, na yeye mkaguzi ameshabonyeza.

"Amehama amekwenda wapi?" akaniuliza baadaye, akifuta jasho. "Na nyumba ameiuza?"

"Amekwenda nayo."

"Amekwenda na nini?"

"Na nyumba."

Alinitazama muda mrefu, kisha akamgeukia yule mfanyabiashara kama shahidi. Naye akanyoosha mkono kuelekea upande wa barabara ya Hola. "Nyumba zilipita huko wiki mbili sasa," akasema. "Mimi nilikutana nazo njiani. Punda wanne. Punda wa mbele alikuwa na hiyo kioo yenu mgongoni, inaangalia juu. Na redio inaimba."

Tulizifuata. Sitasimulia safari yote. Ule udongo mweusi ukilowa hushika gurudumu kama unga wa ugali, na mara tatu tulishuka kukwangua matope kwa vijiti. Mkaguzi alivua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba zake, akavitundika shingoni, na kila tulipokutana na mchungaji alikuwa wa kwanza kuuliza, "Samahani, umeiona nyumba ikipita hapa?" Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Kila mmoja alijibu kwa kunyoosha mkono.

Tuliikuta alasiri, kwenye sehemu iliyoinuka kidogo, kavu, yenye nyasi. Nyumba nne zilezile, zimekaa vilevile, mlango wa kila moja umeelekea palepale. Paneli ilikuwa juu ya nyumba ya mama. Si kwenye nguzo. Juu ya nyumba yenyewe, pale ambapo mimi nilishindwa.

Nilikwenda moja kwa moja bila hata kusalimia, Mungu anisamehe. Mama alikuwa ameisukia paneli kiota. Kamba za mkoma zilipita chini ya fremu na kuingia ndani ya nyumba, zikafungwa kwenye fito sita tofauti, ili uzito usikae mahali pamoja. Nilisukuma kwa kiganja. Nyumba nzima ilicheza kidogo kisha ikatulia, na paneli ikacheza nayo ikatulia nayo. Nikatoa dira. Ilikuwa imeelekea sawasawa, na mwinamo ulikuwa sahihi.

"Nilitazama vile wewe uliweka," akasema mama nyuma yangu. "Mlango ulikuwa huku, kioo ilikuwa huku. Basi mlango nikaweka vilevile, na kioo vilevile. Nimekosea?"

"Hapana, mama. Hujakosea."

"Ile bati nilikuachia. Ni nzito, na haikunjiki."

Tulikaribishwa ndani. Tukapewa maziwa kwenye vibuyu, halafu chai. Redio ilikuwa imetundikwa kwenye ufito, taa mbili zinawaka mchana kwa heshima ya mgeni wa Mombasa. Mkaguzi aliinama akaingia akiwa na matope mpaka magotini, akakaa kwenye ngozi, akazunguka macho mle ndani, na kwa muda hakufungua mfuko wake. Alipoufungua, uso ukambadilika.

"Inakataa," akasema.

"Inakataa nini?" nikauliza.

"Inasema hatupo hapa. Inasema tuko kilomita thelathini na moja kutoka kwa hii nyumba." Akaigeuza akamwonyesha mama kioo cha kompyuta yake. "Siwezi kupiga picha mpaka tufike."

Mama alikitazama. "Tufike wapi?"

"Hapa, mama. Nyumbani kwako."

"Mwongezee chai," mama akamwambia binti yake.

Mkaguzi hakuwa mtu mjinga, na nataka niliseme hilo wazi. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kutuma kitu kisicho cha kweli, na alikuwa akiteseka. Alikunywa chai yote kisha akaweka kikombe chini, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi: "Mama, haiwezekani nyumba irudi kule hata kwa siku moja? Tupige picha tu. Sisi tutasaidia kubeba."

Mama alilichukua swali kwa uzito uleule. "Kule kuna nyasi?"

Mkaguzi akanitazama. "Hakuna," nikasema. "Ndiyo kwanza zinaota."

"Nyumba ikirudi, mimi nitarudi nayo. Mimi nikirudi, ng'ombe watakuja. Watakula nini siku hiyo? Picha?"

Hakusema kwa dhihaka. Aliuliza, kisha akachukua kibuyu akaanza kukisafisha.

Redio iliendelea kuimba. Mkaguzi alikuwa anapitisha kidole kwenye kioo chake, juu chini, juu chini, kama mtu anayetafuta tundu kwenye wavu. Halafu kidole kikasimama.

"Bwana fundi," akasema. "Mashua za Kipini hatukuziandika namba za ramani."

"Kwa nini?"

"Fomu yake haiulizi. Kwa sababu chombo kinatembea." Akanisogezea kompyuta. "Inaitwa fomu ya chombo. Ofisini wanasema ni ya majini, lakini juu hapa imeandikwa 'chombo' tu. Tazama."

Nikatazama. Ilikuwa imeandikwa 'chombo' tu.

"Lakini tusiandike uongo hata kidogo," akasema, "hata neno moja." Na akaanza kuuliza.

Jina la chombo lilikuwa la kwanza. Mama alitaja jina la ng'ombe wake mmoja aliyekufa, aliyempenda, ambalo sitaliandika hapa. Urefu: mkaguzi akatoa futi ya kamba, akapima kutoka mlangoni mpaka upande wa pili, na mimi nikashika ncha ya pili. Idadi ya watu kinaowachukua: saba, na ndama wakati wa baridi. Bandari ya usajili: mama alifikiri akasema Garsen, kwa sababu ndiko alikochukulia kitambulisho. Nahodha.

"Nahodha ni nani?" akauliza mama.

"Ni yule anayeamua siku ya kuondoka, na njia ya kupita."

"Mimi."

"Basi ni wewe."

Kinaendeshwa kwa nini. Fomu ilitoa mashine, tanga, makasia, na nyinginezo. Mkaguzi akachagua nyinginezo, akaandika "punda", akabonyeza. Ilikubali. Alipumua kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Je, chombo kinavuja?"

Hapo ndipo mama alipokasirika kidogo, mara ya pekee niliyomwona. Aliweka kibuyu chini. "Nyumba yangu mimi?" akasema. "Mvua imenyesha siku tisa. Uliza huyu fundi wako kama bati lake halivuji. Hii haivuji."

"Hakivuji," mkaguzi akaandika.

Swali la mwisho lilikuwa la jaketi za kuokolea maisha, zile za rangi ya machungwa zinazovaliwa majini. Ngapi zimo ndani? Mkaguzi alitazama huku na huku, kwa haki kabisa, kama anayetazamia pengine moja ipo. Akaandika sifuri. Halafu akatoka nje akapiga picha ya paneli, na mimi nikiwa kando yake, helmeti kichwani. Fomu ya chombo haikudai kamba.

Ikapita. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mambo mawili yalifuata. La kwanza ni kwamba malalamiko ya yule mnunuzi wa kondoo yalifika ofisini, yakashughulikiwa upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Nikapewa paneli mpya, na barua ya kuomba msamaha, niende nimfungie mteja ambaye hakuridhika. Nilikwenda nikijua simkuti. Nilimkuta. Lori lilikuwa limekuja likaondoka na kondoo, naye akaona pale ni pahali pazuri pa wasafiri kupumzika, akazungushia nguzo zangu magunia akaanza kuuza chai. Niliifunga ile paneli kwenye bati, na picha ikakubaliwa mara moja. Aliisoma barua ya msamaha, akaikunja, akaniambia kwamba sasa ameridhika sana.

La pili ni jaketi. Zilikuja saba, mpya, kwenye mfuko mkubwa, pamoja na karatasi ya kusaini nahodha. Nilizibeba mpaka kwa mama. Alikuwa amesogea tena kidogo, lakini sikupotea. Nilimweleza kazi ya jaketi, kwamba ukivaa ukatumbukia majini huzami. Alivaa moja, akamfunga binti yake nyingine, wakatazamana. Kisha akazivua, akazibonyeza kwa vidole kuona unene, akasaini kwa dole gumba.

Safari iliyofuata niliwaona punda. Kila punda alikuwa na jaketi moja chini ya mzigo, mgongoni, pale kamba zinapochubua, na yule aliyebeba paneli alikuwa na mbili; mbili zilizobaki zimewekwa akiba. Mama aliniambia vidonda vyote vimepona. Wanawake wengine wa malishoni waliona, wakaja kuniuliza kama na nyumba zao zinaweza kuandikishwa. Niliwaandikisha. Nimeacha kuwachimbia nguzo. Ninakaa chini nawashikia kamba huku wao wakisuka kiota, na nikifunga fundo vibaya wananifungulia, wanafunga upya. Kwenye vitabu vya kampuni, Garsen sasa ina vyombo vingi kuliko Kipini, na mwaka huu msimamizi aliniuliza kwa simu kama mto umejaa kiasi hicho. Nikamwambia unajaa na kupungua.

Juzi nimepokea ujumbe wa kampuni kwa wenye vyombo wote. Ulisema kutakuwa na upepo mkali, mawimbi makubwa, vyombo vidogo visitoke. Mafundi tumeagizwa tuwasomee wateja wasiosoma. Nikampigia mama, nikamsomea neno kwa neno.

"Wapi huko?" akauliza.

"Baharini. Upande wa Kipini."

Nikamsikia anazungumza Kiorma na watu waliokuwa naye, kwa muda, na sauti za watu kuinuka. Kisha akarudi kwenye simu.

"Nimewaambia wakaze kamba," akasema. "Na hao wa Kipini wameambiwa?"

"Nadhani wameambiwa, mama."

"Usidhani. Wapigie."

Nikasema nitawapigia.